Nani Amwamkie Nani

Kwa miaka miwili mizima Theopista na Minza walikuwa wanapishana njia ya kisimani bila shikamoo. Si kwamba hawakusalimiana. Walisalimiana, tena kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mashamba ya mpunga, maana watu wazima wakipishana kimya pale Usevya, jioni yake kuna kikao. Lakini salamu yenyewe ilikuwa ya kukwepana. "Habari za leo?" mmoja alisema. "Nzuri, za kwako?" mwingine alijibu. Kisha kila mmoja, akishapiga hatua kumi hivi, alisonya.

Sababu ilikuwa moja tu: kila mmoja alijiona ndiye mkubwa.

Theopista alikuwa na cheti cha ubatizo, kimeandikwa kwa wino wa bluu kwamba alizaliwa mwaka hamsini na tatu. Minza hakuwa na karatasi. Mama yake alimwambia alizaliwa mwaka ambao mvua iligoma na ng'ombe wa babu yake wakabaki wanne, na mwaka huo wa huko Usukumani ulikuwa upi, hapa Usevya nani angejua? Ukitazama nyuso, wanalingana. Ukitazama watoto, Minza alikuwa nao wawili, na Theopista mmoja tu, Natalia wa miezi minane, bado wa mgongoni. Ukitazama kijiji, Theopista ndiye mwenyeji, kitovu chake kimezikwa hapa hapa. Minza na mumewe walikuja na ng'ombe wao mwaka wa sabini na nne, watu walipokuwa wanapangwa vijijini. Theopista alisema moyoni, mgeni ndiye anayepiga hodi. Na Minza bila shaka alisema moyoni, mama wa wawili hamwamkii mama wa mmoja. Basi shikamoo ikakosa mwenyewe.

Na ingekuwa shikamoo peke yake, labda ingesahaulika. Lakini wivu ni kama funza, ukiuacha kidoleni unataga. Theopista alikuwa anaona vitu vya Minza hata asipovitafuta. Aliona shanga zake. Aliona anavyojifunga kanga isilegee hata akiinama kupandikiza mpunga. Aliona mumewe mwenyewe, Telesphor, akilamba kidole.

"Yule mama wa Kisukuma anajua kugandisha maziwa," Telesphor alisema.

"Hamia basi kwenye kibuyu chake."

"Mama Natalia, nimesifia maziwa mimi."

"Maziwa yana mwenyewe."

Telesphor akakilamba tena kidole kile, na Theopista akakihesabu kama kosa la pili.

Mahali wivu ulipokuwa unamkaba hasa ni kwenye kisomo. Theopista alitolewa shule akiwa darasa la pili ili alee wadogo zake, na hilo lilimuuma kwa miaka yote iliyofuata, kimya kimya, kama mwiba uliozamia. Kisomo cha jioni kilipofunguliwa, akawa wa kwanza kujiandikisha. Sasa alikuwa anasoma kama mtu anayetelemka mlima. Ukimpa ukurasa, hasimami hata kwenye mkato. Lakini ikifika zamu ya hesabu, Minza alikuwa anatoa jibu wakati Theopista bado anachonga penseli. Mwalimu akisema, "Safi sana, Minza," Theopista alikuwa anamfinya Natalia kidogo, bila kujijua, mtoto akalia, na yeye akapata sababu ya kutoka nje.

Mwezi wa sita mwaka wa sabini na sita ikaja barua kutoka wilayani. Kila darasa la kisomo litoe mwanamke mmoja, akafundishwe wiki sita mjini Mpanda, arudi awe mwalimu wa kisomo kijijini kwake. Anayenyonyesha aende na mtoto. Mwalimu Apolinari alipomaliza kuisoma, Theopista hakusikia tena kilichofuata. Alijiona amesimama mbele ya ubao, Natalia mgongoni, chaki mkononi, na watu wazima wakinyoosha vidole. Siku zilizofuata alikuwa anasubiri Telesphor aende shamba, anachukua kipande cha muhogo mkavu, anaandika ukutani pa jiko: a, e, i, o, u. Kisha anageuka na kuwauliza masufuria, "Nani atatusomea?"

Darasa lile lilikuwa na watu kumi na wanane, lakini wa kupewa nafasi hiyo walikuwa wawili tu, na kila mtu alijua ni akina nani.

Mwalimu Apolinari alikuwa kijana wa Kapalamsenga, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa fundi wa kusuka nyavu, na yeye alitoka chuoni na kitu kinaitwa hisabati mpya, yenye mambo ya seti, ambacho alitamani sana kukifundisha na hakuna mtu aliyemwomba. Ubao wake ulikuwa mbao mbili zilizogongewa pamoja na kupakwa unga mweusi wa betri za redio, na kati ya mbao na mbao kulikuwa na ufa wa kupitisha kidole.

"Leo tunaweka namba pembeni," alisema jioni moja. "Leo tunachora darasa hili. Kila mtu ni nukta moja. Ukimpa mtu shikamoo, mstari wako unapanda kwenda kwake. Yeye juu, wewe chini."

Watu wakachangamka. Hesabu ya shikamoo kila mtu anaiweza.

Juu kabisa akaweka nukta ya Bibi Athanasie, mwanamke mzee kuliko wote, aliyevuka ziwa kutoka Burundi enzi za Wajerumani au baada yake kidogo, kutegemea na siku unayomuuliza. Chini yake akaweka Mama Katarina, mke wa mwenyekiti, mwenye wajukuu wawili na sauti ya watu watatu. Chini kabisa akaweka Goreth, binti aliyeolewa mwaka ule ule. Akachora mistari, halafu akarudi nyuma kuitazama picha.

Goreth akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona mimi hujanichorea mstari wa kwenda kwa Bibi Athanasie? Kesho atasema sina adabu."

"Unamwamkia Theopista?"

"Ndiyo."

"Theopista anamwamkia Mama Katarina?"

"Ndiyo."

"Na Mama Katarina anamwamkia Bibi. Basi panda kwa njia hiyo, utamfikia tu. Nikichora na wa moja kwa moja ni kupoteza chaki."

"Chaki ipotee," Bibi Athanasie akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mimi nataka shikamoo yangu nzima, isipitie kwa watu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akasema mstari upo, bibi, ila umefichwa ndani ya ile mingine. Kisha akageuka.

"Haya. Theopista na Minza. Mstari unatoka kwa nani unapanda kwa nani?"

Kicheko kikakatika. Wengine wakajifanya wanakuna miguu.

"Chora utakavyoona, mwalimu," Theopista alisema.

"Mtu anayejua ukubwa wake hangoji achorwe," Minza alisema, akitazama dirishani.

"Basi hakuna mstari," Apolinari alisema, tena kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu. "Wala si dhambi. Ukichukua namba mbili tofauti, lazima moja iwe kubwa. Watu si namba. Wapo wawili ambao hawalinganiki: huyu si mkubwa, huyu si mkubwa, wala si sawasawa. Hawalinganiki tu."

Akaweka nukta zao mbili katikati, kati ya Goreth na Mama Katarina, moja kushoto na moja kulia. Ila ule ufa wa ubao ulikuwa unapita pale pale. Nukta ya Minza akaiweka juu ya ufa, na ya Theopista chini yake, akaziunganisha kwa mistari na za Goreth na Mama Katarina.

Theopista akahisi masikio yanapata moto. "Mwalimu. Mbona mimi niko chini ya ufa?"

"Chaki haishiki kwenye ufa, dada."

"Kwa hiyo aliyestahili ufa ni mimi?"

"Usisome kimo, soma njia! Kama hakuna njia ya kupanda kutoka kwako kwenda kwake, hayuko juu yako, hata nikimchora kwenye paa." Akapitisha kidole kutoka kwa Goreth kwenda kwa Theopista mpaka kwa Mama Katarina, akashuka kwa upande wa Minza mpaka kwa Goreth tena. "Mnaona umbo hili? Baba yangu angewaambia ni jicho la wavu. Hawa wawili hawashikani kwa ubavu. Lakini wakipanda wanakutana kwa Mama Katarina, na wakishuka wanakutana kwa Goreth. Wakigombana, hawana haja ya kumsumbua Bibi Athanasie, yuko mbali. Waende kwa mkubwa wao wa karibu. Kundi ambalo kila wawili wana mkubwa mmoja wa karibu wanapokutania, na mdogo mmoja wa karibu wanapokutania, hilo linashikana kama wavu. Halina uzi unaoning'inia."

Lilikuwa somo zuri, na kesho yake hakuna aliyelikumbuka. Kilichozunguka kijijini ni hiki: Minza amewekwa juu ya Theopista, ubaoni, na mwalimu mwenyewe. Kisimani wanawake wakamuuliza Theopista kwa sauti za huruma, zile zinazouma kuliko matusi. Hata Telesphor akarudi nalo kutoka kwenye mashine ya kukoboa.

"Nasikia umeshushwa cheo."

"Picha ile haisomwi kimo, inasomwa njia," Theopista alijibu kwa ukali, na alipojisikia anayasema hayo akashangaa, maana hata yeye hakuyaamini.

Jioni ile aliwahi darasani peke yake. Picha ilikuwa bado ipo. Mwalimu aliipenda, hakutaka kuifuta. Theopista alilowesha kidole kwa mate, akaifuta nukta yake chini ya ufa, akaichora upya juu ya ufa, upana wa kiganja juu ya Minza. Akaurefusha na mstari. Akakaa kwenye benchi lake akimnyonyesha Natalia kama Bikira Maria.

Keshoye nukta ya Minza ilikuwa juu yake. Theopista akawahi tena, akapanda. Minza akawahi zaidi, akapanda. Jumatano nukta zote mbili zilikuwa zimempita Mama Katarina. Ijumaa zilikuwa zimempita hata Bibi Athanasie, na nukta ya Theopista ilikuwa imeutoka ubao kabisa, iko kwenye ukuta wa udongo, karibu na kiota cha nyigu, kwa sababu alipandia benchi.

Mwalimu aliingia, akatazama, akakohoa ili asicheke. "Nani ananisomea picha hii?"

Mama Katarina akasimama mwenyewe. Akatembea mpaka ubaoni, akaweka kidole kwenye nukta yake, akaufuata mstari unaomuunganisha na Theopista. Mstari ukampandisha. Akafuata wa Minza. Ukampandisha.

"Mstari unapanda kutoka kwa nani, mwalimu?"

"Kutoka kwa anayeamkia, mama."

"Kwenda kwa nani?"

"Kwa anayeamkiwa."

Mama Katarina akageuka. "Kwa hiyo mimi! Mimi niliyewapokea watoto wa nusu ya kijiji hiki! Mimi ndiye niwape nyie shikamoo? Wewe Theopista, nilikuosha pua. Wewe Minza, umefika hapa juzi, sufuria la kwanza ulilopikia ni langu. Shukeni!"

Walishuka. Walifuta mbele ya darasa zima, bega kwa bega, kila mmoja akitumia upindo wa kanga yake, bila kutazamana. Theopista alipomaliza aliona mkono wa Minza ukirudisha nukta juu ya ufa, sentimita moja tu. Na yeye akarudisha yake juu ya ufa, sentimita moja tu.

Usidhani aibu ile iliponya kitu. Theopista alianza sasa kuota mchana. Alimwona Minza akipiga goti kisimani, na yeye, bila haraka, akiitikia. Alishachagua na namna: si kwa kukaza sauti, ila kwa kuivuta, kama mtu mwenye nafasi, "Marahabaa, mdogo wangu." Aliifanyia mazoezi akipepeta mchele. Wakati mwingine neno lilimtoka kwa sauti, na Natalia akacheka akidhani anaimbiwa.

Afisa wa elimu ya watu wazima alifika na Landrova asubuhi ya Alhamisi, amejaa vumbi la njia ya Mpanda mpaka kwenye nyusi. Alitaka kuondoka kabla ya saa saba. Akawapa Theopista na Minza mtihani, kusoma hamsini na hesabu hamsini, akasahihisha hapo hapo mezani huku darasa zima limejibana milangoni.

Theopista, kusoma arobaini na moja, hesabu ishirini na sita. Minza, kusoma ishirini na saba, hesabu arobaini.

Afisa akajumlisha. Akajumlisha tena. Sitini na saba. Sitini na saba.

"Hawalinganiki," Apolinari alisema taratibu. "Huyu yuko juu kwa hili, yule kwa lile. Hata usingejumlisha, bwana afisa. Ni sawa na kujumlisha debe la mpunga na urefu wa kamba."

"Mwalimu, fomu yangu ina mstari mmoja wa jina." Afisa akaifungua karatasi yake, akaifuata kwa kalamu. "Hapa wameandika. Wakilingana, achukuliwe aliye mdogo kwa umri, apate kulitumikia taifa kwa muda mrefu. Nani mdogo?"

Theopista alikaza kanga ya Natalia mgongoni. Miaka miwili alikuwa anapigania awe mkubwa. Kila mtu pale alikuwa shahidi.

"Mdogo ni mimi," alisema.

"Mdogo ni mimi," Minza alisema papo hapo.

Mlangoni mtu akapiga mluzi wa mshangao.

"Mimi nina cheti," Theopista alisema. "Hamsini na tatu."

"Na mimi ni wa mwaka wa ukame."

"Ukame upi?" afisa aliuliza.

"Ule mkubwa."

"Mama yangu, kila ukame ni mkubwa." Afisa akatazama saa. "Hapa kijijini mnajuaje mtu na mdogo wake? Nani anamwamkia mwenzake?"

Watu wakamtazama Apolinari, na Apolinari akatazama ubao. Mistari yote ilikuwepo ila huo mmoja.

"Aulizwe mkubwa wao wa karibu," Apolinari alisema.

Mama Katarina hakungoja aitwe mara mbili. Alisogea, akasimama katikati yao na mikono kiunoni. Hasira ya Ijumaa ile bado alikuwa nayo. "Umri wao mimi siujui. Siku walipozaliwa sikuwepo kwa yeyote. Lakini adabu naijua. Waamkiane hapa, mbele ya serikali. Anayeamkia ndiye mdogo, na iwe hivyo mpaka kaburini. Haya!"

"Shikamoo!"

Lilitoka kwa vinywa viwili kwa mara moja, kama amina. Darasa likalipuka. Goreth akaketi chini kwa kucheka. Bibi Athanasie akauliza wamesema nini, akaambiwa, akasema ameishi sana.

Apolinari alikuwa ameshika kichwa. "Bwana afisa, hiki sikuwafundisha kwa sababu nilikosa mfano! Huyu akiwa chini ya yule, na yule akiwa chini ya huyu, hisabati inasema hao ni mtu mmoja."

"Mtu mmoja ana waume wawili? Nipe jina, mwalimu."

"Shikamoo isiyoitikiwa haijafika," Mama Katarina aliamua. "Bado iko njiani. Atakayeitikia ndiye mkubwa. Tunangoja."

Walingoja. Theopista alibana midomo mpaka ikauma. Minza naye alibana. Nyigu mmoja alizunguka kati yao akaenda zake. Afisa aligonga kalamu mezani, akafunika fomu, akaifunua. Theopista alijiambia: kaa kimya. Neno moja tu usiseme. Wiki sita, Mpanda, ubao, kaa kimya tu.

Ndipo Minza akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Alipiga hatua moja mbele. Akashuka, goti moja, halafu la pili, mpaka kanga yake ikagusa vumbi, akakutanisha viganja kama wanavyofanya kwao. Na kwa sauti ndogo, laini, si ya mashindano, akasema:

"Shikamoo, dada."

"Marahabaa, mdogo wangu."

Lilikuwa limeshatoka. Lilitoka lenyewe, limevutwa vizuri, lina nafasi, kama lilivyofanyiwa mazoezi. Theopista alijifunika mdomo kwa kiganja, lakini marahaba haina mkia wa kuishikia. Alisikia kalamu ya afisa ikikwaruza karatasi. M, i, n, z, a.

Minza aliinuka, akapangusa magoti. Hakucheka. Theopista angependa acheke, angepata cha kumchukia vizuri.

Nyumbani hakupika. Telesphor, aliyekuwa ameshasikia yote njiani, alikaa mbali kidogo na jiko.

"Lakini ukubwa umeupata," alisema.

"Ukubwa unaliwa na mboga gani?"

Telesphor akamchukua Natalia, akatoka naye kumwonyesha kuku.

Siku mbili Theopista hakwenda kisimani. Alimtuma wifi yake. Alilala na wivu, akaamka nao. Alimwona Minza Mpanda, kwenye jengo la bati, anapewa chaki nzima isiyokatika. Alimwona anarudi, na yeye, Theopista, kwenye benchi, ananyoosha kidole. Mwalimu Minza, naomba nitoke nje. Akatamani apasue kitu, na alipotazama nyumba yake, hakukuwa na kitu kisichohitajika.

Jumamosi asubuhi hodi ikapigwa. Minza alikuwa amesimama uani na kibuyu cha maziwa mkono mmoja, na karatasi iliyokunjwa mkono mwingine.

"Shikamoo, dada."

Theopista akaiacha ikae hewani kidogo. "Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja na shida."

"Shida kwangu? Serikali si imekuchukua?"

"Niende wapi sasa? Wewe si ndiye mkubwa? Mkubwa jalala." Minza akakaa kwenye kinu bila kukaribishwa. "Karatasi hii imeletwa na lori jana. Imeandikwa kwa mwandiko wa kushikana. Herufi zimeshikana mikono zote, sioni inapoanzia wala inapoishia. Zile za kitabuni, zimesimama moja moja, naziweza. Hizi siziwezi. Mwalimu amekwenda kijiji cha Mamba, anarudi Jumatano."

Theopista akaichukua. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kuinama, na kwake ulikuwa maji. Kwa mtazamo mmoja alishaiona yote: aje na blanketi, sahani na kikombe, aripoti Jumatatu kabla ya saa kumi, atakayechelewa atarudishwa, na darasa lake litaombwa jina lingine.

Jina lingine.

Akaisoma mara ya pili, taratibu, ingawa hakuhitaji. Mwalimu yuko Mamba. Nyanda, mume wa Minza, hajui hata a. Jumatatu na Jumatano zinatofautiana kidogo sana mdomoni, na nani angemlaumu mtu kwa mwandiko wa kushikana?

"Imesemaje, dada?"

"Blanketi," Theopista alisema. "Sahani. Kikombe."

"Na siku?"

"Uripoti Juma..." Ulimi ukasimama. Minza alikuwa ametoa macho, amefungua midomo kidogo, anazifuata herufi kwa kidole juu kwa chini, yaani karatasi alikuwa anaitazama kinyume. Kwenye hesabu mwanamke huyu alikuwa hakamatiki. Hapa alikuwa kama Goreth siku ya kwanza. Theopista akamwona amesimama mbele ya wanawake wa wilaya nzima, ameambiwa asome kilichoandikwa ubaoni kwa mwandiko wa kushikana, na kimya kile. Kilimuuma. Alikasirika kwamba kinamuuma.

"Juma nini?"

"Jumatatu! Keshokutwa, kabla ya saa kumi. Ukichelewa wanakurudisha. Gari la mpunga linapita kesho alfajiri, ukae barabarani mapema." Akaikunja karatasi, akamrushia mapajani. "Na huko wote wanaandika kwa kushikana. Utafanyaje?"

Minza aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama vidole vyake.

"Nakuuliza, utafanyaje?"

"Sijui. Ndiyo maana nimeleta na maziwa."

Theopista akasonya, safari hii usoni pake, si baada ya hatua kumi. Akaingia ndani, akatoka na daftari na penseli. Telesphor alichungulia, akaona hali ilivyo, akarudi kwa kuku wake.

"Una leo mpaka jua lizame," Theopista alisema. "Sogea. Si huko, huku, nione mkono wako. Penseli hailazwi hivyo, unachunga ng'ombe?"

"Na wewe, dada, nikirudi, zile hesabu za kugawanya..."

"Nani kakuambia siwezi kugawanya?"

"Ishirini na sita," Minza alisema, bila kuinua macho kwenye daftari.

Theopista alitaka kumfukuza. Akamtazama kwa kitambo, yule mdogo wake wa siku mbili, shingo yake nyembamba na shanga zake. Kisha akamshika mkono juu ya penseli, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Tunaanza na T kubwa," alisema. "Utaandika Theopista, kwa kushikana, ukurasa mzima, usiache nafasi. Jina lako utalijua baadaye."